Townes Van Zandt jukwaani Houston: gitaa moja, sauti moja

Wapenzi wa kantri hapa Tanga waliomzoea Don Williams wanaujua vizuri "If I Needed You", alioimba na Emmylou Harris mwaka 1981. Mtunzi wake ni Townes Van Zandt wa Texas, aliyefariki tarehe 1 Januari 1997 akiwa na miaka 52. Nyimbo zake zilitamba kwa sauti za wengine. Yeye mwenyewe hakuwahi kupata wimbo uliovuma. Atakayetaka kumjua aanze na albamu ya Live at the Old Quarter, Houston, Texas, iliyorekodiwa Julai 1973 katika baa ndogo na kutoka mwaka 1977.

Albamu zake za mwanzo za studio zilirundikiwa ala na waitikiaji mpaka maneno yakamezwa. Hapa hakuna bendi. Watu wanacheka, wanapiga makofi, kisha wimbo ukianza wanamwachia nafasi. Yupo peke yake na gitaa lake, na ndipo utunzi wake unapoonekana ulivyo.

Chukua "Pancho and Lefty", unaofungua onyesho. Willie Nelson na Merle Haggard waliufikisha namba moja kwenye chati ya kantri ya Marekani mwaka 1983. Pancho, jambazi, anauawa Mexico. Mwenzake Lefty anatokomea Ohio siku hiyohiyo, na nauli aliipata wapi hakuna ajuaye. Usaliti hautajwi popote. Msikilizaji aliyelelewa na taarabu za Black Star atalinasa fumbo hilo bila kuelezwa. Na Townes haongezi sauti hata kidogo anapofika hapo. Anapita tu, wewe ndiye unayeshtuka. "Tecumseh Valley", kisa cha binti wa mchimba makaa ya mawe, ameuimba kwa utulivu uleule, na unaumiza zaidi kwa sababu hiyo.

Vichekesho vya kusimulia kama "Talking Thunderbird Blues" ni vya kuruka kama Kiingereza cha mtaani cha Texas kinakupa taabu. Albamu ni ndefu, zaidi ya saa moja na nusu, hupotezi kitu.

Usiisikilize kwenye sabufa iliyofunguliwa besi yote. Nyuzi nene zitavuma na kufunika sauti, maana mwimbaji huyu anaimba chini. Punguza besi karibu na sifuri, au tumia hedifoni. Ukihamishia kwenye flashi, faili zisiwe zimebanwa sana: ukishuka chini ya 128 kbps (kipimo cha ubora wa faili la muziki), mkwaruzo wa vidole kwenye nyuzi unageuka kuwa kelele. Nakili nyimbo moja baada ya nyingine kwa mpangilio wake, kwa kuwa redio nyingi hufuata zilivyonakiliwa, na onyesho likichanganywa makofi yanakatikia pasipo pake.

Wapiga gitaa ndio watakaofaidi zaidi. Katika muziki wa bendi za Atomic na Jamhuri Jazz kazi imegawanywa kati ya solo, ridhimu na besi. Townes anabeba yote kwa mkono mmoja: kidole gumba kinapokezana nyuzi za besi bila kusimama, vidole vingine vinachokoa sauti za juu. Sikiliza "Nine Pound Hammer", wimbo unaohusishwa na Merle Travis, ambaye upigaji huu umepewa jina lake. Kujifunza, shika kodi ya C (chord, yaani sauti kadhaa kwa pamoja), gumba lipige uzi wa 5 ukihesabu kutoka ule mwembamba, kisha wa 4, basi, kwa mwendo wa kutembea. Wengi hukwama wanapoanza kuimba: gumba linafuata maneno, mapigo yanayumba. Dawa ni kuimba ubeti mzima na gumba peke yake kwanza, na kidole cha shahada kisiguse uzi mpaka mapigo yasiyumbe tena.