Kaharibiwa na wenzake, au kakosa wa kumshika?

Kijana akikamatwa na simu ya wizi hapa Ngamiani, Tanga, baraza zima hugawanyika kwa maswali hayo mawili. Kumbe ni nadharia mbili za uhalifu, za wanasosholojia wa Kimarekani.

Edwin Sutherland, aliyekamilisha nadharia yake mwaka 1947, alisema uhalifu hufundishwa kama ufundi wowote: mtu huupata kwa watu wake wa karibu, mbinu pamoja na visingizio. Travis Hirschi, mwaka 1969, aligeuza swali: kwa nini wengi wetu hatuibi? Akataja vifungo vinne: mapenzi kwa wazazi na walimu, malengo tunayoogopa kuyapoteza, shughuli za kila siku, na imani kwamba sheria inastahili kufuatwa.

Mimi namwelemea Hirschi. Jirani yangu mmoja wa Makorora aliacha shule bibi yake alipofariki. Miezi ya mwanzo alishinda peke yake kibarazani, akichonga ngalawa ndogo kwa kisu cha jikoni. Genge lilikuja baadaye, likamkuta hana hata wa kumuuliza "umekula?"

Ila Hirschi haniambii kijana huyo alikojifunzia kufungua simu zenye namba ya siri, wala kisingizio chake "tajiri haumii". Hayo alifundishwa. Ndiyo maana kumlaza mtoto mahabusu na watu wazima ni kumpeleka darasani, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka watenganishwe.