Miwani ya kusomea ya tayari: ipi inunuliwe kwa kliniki ya macho Mwanza

Mama aliyevuka kwa feri kutoka Ukerewe kuja kupimwa macho Mwanza haambiwi arudi wiki ijayo kuchukua miwani. Nauli imekwisha, na kinachomsumbua ni mchele anaoshindwa kuuchambua na ujumbe wa M-Pesa asioweza kuusoma bila kumwita mjukuu. Kipimo kikionyesha anahitaji miwani ya kusomea tu, anatakiwa aondoke nayo usoni siku hiyohiyo. Na faida yake inafika hadi mfukoni: utafiti wa Bangladesh uliochapishwa mwaka 2024 ulikuta wafanyakazi wa kipato cha chini waliopewa miwani ya kusomea bure wakiongeza kipato kwa takribani theluthi moja ndani ya miezi minane.

Kwa hiyo kila kliniki ndogo, iwe Igoma au Buhongwa, inahitaji akiba ya miwani ya tayari. Shida ni kwamba mzigo wa jumla unatofautiana mno, na wengi tunanunua kwa kuangalia fremu. Mimi naanza na lenzi.

Kumbuka kwanza miwani hii ni ya nani. Kuanzia miaka 40 hivi lenzi ya ndani ya jicho hukakamaa, na maandishi ya karibu huanza kufifia. Miwani ya tayari ina namba moja, yaani nguvu ya lenzi, kwa macho yote mawili, haina silinda (marekebisho ya jicho ambalo uso wake haukupinda sawasawa), na umbali kati ya vitovu vya lenzi umepangwa kiwandani. Inamfaa mtu ambaye kila jicho lake, likipimwa peke yake, linaona mbali vizuri. Asiyeangukia hapo atengenezewe yake.

Nafasi ya kwanza naipa fremu kamili ya plastiki yenye lenzi za plastiki zilizopakwa utando mgumu, na namba iliyoandikwa kwenye mkono wa miwani. Wateja wetu wengi wanashinda kwenye mchanga, maji na vumbi: wauza dagaa wa Mwaloni Kirumba, wanaoziba nyavu, mafundi cherehani. Lenzi isiyo na utando ikifutwa kwa khanga yenye mchanga inajaa mikwaruzo, na mwenyewe anadhani macho yake ndiyo yamezidi kuharibika. Muuzaji akikusifia lenzi za polikaboneti, muulize habari za utando hapohapo. Polikaboneti haipasuki kirahisi, lakini bila kupakwa inakwaruzika upesi. Tazama na bawaba: iwe na skrubu inayokazwa na kubadilishwa.

Fremu za namna hii zichukue kwa upana usiopungua miwili, maana hapo ndipo penye jambo ambalo wanunuzi wengi hulipita. Tuseme vitovu vya lenzi vimeachana milimita 64, na macho ya mteja akisoma yameachana milimita 58. Tofauti ni milimita 6. Kwa namba +1.00 hiyo inazaa prizimu (mwanga kupindishwa upande) ya 0.6, ambayo wengi hawataihisi. Kwa +3.00 inafika 1.8, macho yanalazimika kujikaza zaidi kuelekea puani, na mteja anakurudia akilalamika kichwa kinauma. Kadiri namba inavyopanda, ndivyo unavyotakiwa kuwa mkali kuhusu upana. Kwa +3.00 na kuendelea mimi sichukui dazeni yenye saizi moja, hata ikiwa bei nafuu.

Nafasi ya pili ni fremu za kubofyea lenzi. Fremu huja peke yake na lenzi peke yake, unabofya kila jicho namba yake bila mashine ya kukatia. Mteja mwenye +1.50 kulia na +2.25 kushoto anahudumiwa palepale. Zinadai mtaji mkubwa na droo iliyopangwa vizuri, la sivyo utabaki na lenzi za kulia zisizo na wenzake. Kwa timu inayopeleka huduma visiwani ningeziweka za kwanza bila kusita.

Za tatu ni fremu nyembamba za chuma zenye bawaba za springi. Zinapendwa na watu wa ofisini, hazibani kichwa, ila jasho huzichubua rangi na visigino vya pua, vile vipande laini vinavyokaa puani, hupotea. Weka chache, pamoja na pakiti ya visigino vya akiba.

Bifokali za tayari, zenye lenzi ya kuonea mbali juu na ya kusomea chini, nazipa nafasi ya nne, na ni kwa mtu anayetaka kutazama juu na chini bila kuvua, kama muuza duka. Atahadharishwe na ngazi. Za kukunja na zile za nusu lenzi zinavutia kwenye kabati, lakini kwa mtu wa kazi za mikono hazidumu.

Ya mwisho kabisa ni mzigo wa dazeni usio na namba, au wenye karatasi ya namba inayobanduka. Kliniki isiuguse. Mtu akitaka bahati nasibu ataipata mtaani. Kwetu anakuja kwa sababu tumepima.

Na hata mzigo mzuri upimwe. Ukifika, toa jozi kadhaa za kila namba uziweke kwenye lensimita, kifaa cha kupimia namba ya lenzi. Tofauti ya 0.12 na kilichoandikwa naivumilia. Ikifika robo, au lenzi ya kulia ikipishana na ya kushoto kwa kiasi hicho, narudisha. Kisha shika miwani mbele ya fremu ya dirisha uisogeze polepole: mstari ukipinda au kuyumba kama mawimbi, lenzi ni mbovu hata kama namba ni sahihi.

Kuhusu idadi, kwa kliniki inayoanza na jozi 100 ningegawa hivi: +1.00 jozi 12, +1.50 jozi 22, +2.00 jozi 25, +2.50 jozi 22, +3.00 jozi 14, +3.50 jozi 5. Robo za katikati zije baadaye, ukishaona zipi zinaulizwa. Usigawe kwa umri peke yake. Mzee anayeshona nyavu akiwa amezinyoosha umbali wa sentimita 50 anaona vizuri kwa +2.00, ukimpa +3.00 atalazimika kuzileta sentimita 33 kutoka usoni, na kazi haifanyiki. Muulize anafanya nini, kisha mpe uzi au kamba ashike kama akiwa kazini, ndipo uchague namba.

Anayefika kununua tu naye apimwe kila jicho, na presha ya macho ikiwezekana. Mzee wa miaka 65 anayesema kwa furaha kwamba siku hizi anasoma bila miwani achunguzwe vizuri: mtoto wa jicho anapoanza katikati ya lenzi huweza kurudisha uoni wa karibu kwa muda, huku wa mbali ukipungua.

Kabla ya kulipa, kubalianeni na muuzaji mambo mawili kwa maandishi: jozi zenye kasoro zibadilishwe, na uruhusiwe kuongeza namba mojamoja badala ya kulazimishwa boksi lenye namba zote. Asiyekubali la pili atakujazia kabati kwa +1.00 na +3.50, wakati +2.00 zimekwisha.