Pini ilikaa unyayoni nisijue: uzoefu wangu na kliniki ya miguu hapa Tanga

Mimi ni fundi cherehani, nashona Ngamiani, na cherehani yangu ni ya kukanyaga. Miaka yote nimekanyaga peku, maana nikivaa kiatu mguu hausomi mwendo wa gurudumu. Mwezi wa nne mjukuu wangu alikuwa ananipaka mafuta usiku, akasema, "Bibi, mbona kuna kitu kinang'aa hapa?" Ilikuwa pini. Imezama kwenye unyayo wa kulia, chini ya kidole gumba, na nyama ya pembeni imeshavimba. Ilikaa siku ngapi sijui. Sikusikia kitu.

Nina kisukari, huu mwaka wa 9. Kliniki sikosi: napimwa sukari, napimwa presha, naandikiwa vidonge, narudi nyumbani. Lakini huko nilikokuwa natibiwa, katika miaka yote hiyo, hakuna aliyewahi kuniambia, "Mama, vua viatu." Hata nilipolalamika ganzi niliambiwa ni umri. Hili linaniuma mpaka leo, kwa sababu mama mmoja tuliyekuwa tukikaa naye benchi moja alikatwa mguu kwa donda ndugu lililoanza na lengelenge la kiatu.

Jirani ndiye aliyenielekeza kwenye kliniki nyingine hapa mjini, wanaotenga siku moja kwa wiki kwa ajili ya miguu tu. Mwanangu aliichomoa ile pini, akanipakia kwenye baiskeli, saa moja asubuhi tukawa mlangoni. Niliitwa saa nne na nusu. Benchi ni jembamba, feni hakuna, na waliomeza dawa bila kula walianza kutetemeka. Wangeweza kugawa namba kwa saa, tusirundikane wote alfajiri.

Ila nilipoingia ndani, niliona kazi.

Nesi alikuwa binti mdogo, angeweza kuwa mwanangu. "Shikamoo mama. Leo nianze na miguu, sukari tutaizungumza baadaye." Alikaa kwenye kigoda, akavaa glovu, akaupakata mguu wangu. Niliona haya, visigino vyangu vimejaa magaga. Hakukunja uso. Alitenganisha kidole kimoja kimoja akitazama katikati, akagusa kama kuna joto upande mmoja kuliko mwingine.

Kisha akatoa uzi mgumu wa plastiki uliochomekwa kwenye mpini. Ule uzi ukigandamizwa kwa nguvu ya gramu 10 unapinda, basi, hauumizi. Akaniambia nifumbe macho, kila nikiguswa niseme "ndiyo". Mguu wa kushoto nilisema ndiyo mara kadhaa. Wa kulia nikawa nimenyamaza namsubiri aanze. Nikafumbua macho, nikamkuta anaandika. Alikuwa ameshamaliza.

Hapo nililia. Akaniacha nilie kwanza, ndipo akanieleza: sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, na ile mirefu kuliko yote, inayoshuka hadi vidoleni, ndiyo huanza kuumia. Hata jasho la unyayo hukauka kwa sababu hiyo hiyo, ngozi ikapasuka, na magaga yale ndiyo mlango wa wadudu. Akatafuta mapigo juu ya mguu na nyuma ya kifundo, akayapata pande zote mbili. "Damu inafika, mama. Kidonda hiki kitapona." Sentensi hiyo ndiyo niliyorudi nayo nyumbani.

Nilipigwa picha kuangalia kama ncha ya pini imebaki ndani, haikubaki. Nikachomwa sindano ya pepopunda, nikapewa dawa ya vijidudu. Sugu niliyokuwa naikwangua mwenyewe kwa wembe aliichonga kwa kisu chake taratibu, na chini yake tukaona doa la damu iliyovilia. Alisema sugu ni kama kokoto ndani ya kiatu, kila hatua inagandamiza nyama, na kidonda huanzia chini bila kuonekana. Wembe umepigwa marufuku kwangu.

Mengine aliyoniambia yaligusa maisha yetu hasa. Nikimaliza kutawadha nikaushe katikati ya vidole kwa kitambaa, kila swala, kwa sababu unyevu unaleta fangasi. Na mafuta nipake juu na chini ya mguu, si katikati ya vidole. Yale maji ya moto na chumvi tunayotumbukizia miguu ili ganzi itoke, niache kabisa, maana mtu asiyesikia joto ataungua hivi hivi. Halafu akaniuliza kama nyumbani kuna panya. Panya hutafuna mguu wenye ganzi usiku na mwenyewe akaendelea kulala. Baadaye nilikuja kujua kwamba Dkt. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam, aliyeshughulikia miguu ya wenye kisukari kwa miaka mingi, ameandika kuhusu wagonjwa walioumwa na panya namna hiyo. Sasa chandarua nakichomeka chini ya godoro pande zote.

Palipopungua ni viatu. Wanakueleza kiatu kinachofaa, ila hawana hata pea moja ya kukuonyesha. Ndala zangu zilikataliwa kwa sababu ule mkanda wa katikati ya vidole unachana ngozi. Nilimwendea fundi viatu, akanishonea makobazi mapana mbele, yenye mkanda nyuma ya kisigino, chini tairi, ndani sponji nene. Alinitoza 25,000. Nesi aliingiza mkono ndani, akapapasa kila mshono, akanirudisha kwa fundi kwa sababu ya msumari mmoja uliokuwa umeinuka kidogo tu. Nami sasa kila asubuhi napitisha mkono ndani kabla ya kuvaa, na cherehani naikanyaga nikiwa nimeyavaa. Mwendo wa gurudumu nimeuzoea upya.

Mara ya kwanza nililipa 10,000, na 5,000 kila nilipobadilishiwa bandeji. Kidonda kilifunga wiki ya tano. Kwa kuwa ganzi ipo na nimeshawahi kupata kidonda, nimepangiwa kuonwa kila miezi miwili.

Mkienda, kuleni kwanza na mbebe maji na kitafunwa, ile foleni si ya mchezo. Na vaeni viatu mnavyovaa kila siku, msivae vya shughuli, kwa sababu na vyenyewe anavikagua.