Kisanduku cha kulishia kindi: kinapendeza, lakini hakisafishiki

Nimekitumia kisanduku hiki cha mbao kwa miezi minne katika bustani yangu kaskazini mwa Uingereza, ambako bado tunabahatika kuwaona kindi wekundu. Mbao zake ni imara, na kioo cha mbele humwezesha mtu kumtazama mnyama akikinyanyua kifuniko kwa kichwa, akachukua njugu moja na kuibangua kwa meno, ameketi ukingoni.

Tatizo ni sakafu yake. Imepigiliwa misumari, haichomoki, na pembeni hujikusanya maganda yenye unyevu, mate na kinyesi. Hili si jambo dogo, kwa kuwa kindi wa kijivu, walioletwa kutoka Amerika Kaskazini katika karne ya 19, hubeba virusi vya ndui ya kindi bila wenyewe kuugua sana, ilhali kindi mwekundu akiambukizwa hutokwa na vidonda machoni na mdomoni, na kwa kawaida hufa ndani ya wiki mbili. Nchini Italia, kindi wa kijivu walioachiliwa karibu na mji wa Torino mwaka 1948 waliandamana na mnyoo wa utumbo, Strongyloides robustus, ambao sasa hupatikana pia kwa kindi wekundu wanaoishi karibu nao.

Karatasi ya maelezo haitaji usafi hata kwa neno moja. Nimeing'oa sakafu, nikaweka ya skrubu, na kila wiki nakisugua kisanduku kwa maji ya moto na dawa ya kuua vijidudu. Akitokea kindi wa kijivu, nakiondoa kabisa. Mtengenezaji akirekebisha sakafu na maelezo hayo, nitanunua kingine bila kusita.