TAHADHARI: Muuza vitambaa vya makochi anayetuma sampuli ya pamba, kisha analeta poliesta

Ndugu zangu mnaoshona nyumbani, hasa mnaotafuta kitambaa cha kushonea kava za makochi, naomba mnisome kabla hamjatuma hela. Nimetapeliwa, tena kwa utaratibu mzuri kiasi kwamba usiku wa kwanza nilijilaumu mwenyewe nikidhani nimekosea kukata.

Kochi lenyewe ni la mtu mmoja, la mninga, ameliacha marehemu baba. Mbao bado ni imara, ila kitambaa kimechakaa sehemu za mikono mpaka sponji inachungulia. Anayelikalia ni mama, kila siku kuanzia alasiri hadi taarifa ya habari. Nikaamua kumshonea kava la kuvua na kufua, na nikataka pamba, maana joto la Dar tunalijua na mama akikalia kitambaa cha plastiki mgongo wote unalowa jasho.

Muuzaji nilimpata Instagram. Anasema ana duka Kariakoo, na picha zake zinaonyesha majora yamepangwa vizuri hadi darini. Nikamwambia nahitaji pamba nzito, mia kwa mia, upana wa inchi 58. Akajibu kwa heshima zote: "Usijali dada yangu, nakutumia kipande ukishike kwa mkono wako." Kesho yake boda akaniletea kipande cha ukubwa wa kiganja, kijani iliyokolea. Nilikisugua, nikakilowesha, nikakipiga pasi. Pamba tupu, na haikurudi, yaani haikupungua ukubwa, hata kidogo. Hapo ndipo aliponinasa, kwa sababu baada ya kile kipande sikumshuku tena kwa lolote.

Nikapima kochi kwa utepe na kuchora vipande vyote kwenye karatasi: mgongo wa mbele na wa nyuma, kalio, mikono ndani na nje, mto juu, chini na pembeni. Nikaongeza sentimita 15 za kuchomekea kwenye upenyo kati ya kalio na mikono, maana bila hizo kava linachomoka kila mtu akiinuka. Hesabu ikatoka mita 7 na nusu. Nikaagiza 8 kwa shilingi 13,500 kila mita, jumla 108,000, hela kwanza ndipo mzigo utoke.

Mzigo ulikuja jioni, rangi ileile, umekunjwa vizuri ndani ya mfuko. Sikuupima. Nikautandika sakafuni nikaanza kukata, na nilipofika kipande cha mwisho, cha chini ya mto, kitambaa kikapungua karibu shubiri nzima. Nilikaa pale chini nikirudia hesabu zangu hadi saa sita usiku.

Asubuhi nikaweka pasi kwenye alama ya pamba nikandamize mshono wa kwanza. Pasi ikanata. Nilipoinua, mahali pale palikuwa panang'aa kama pamemwagiwa nta, na harufu ya plastiki imejaa chumbani. Nikakumbuka sampuli ipo kwenye kopo la vifungo. Nikachomoa nyuzi kwenye sampuli na nyuzi kwenye mzigo, nikaziwasha moja moja juu ya kisosi chenye maji. Uzi wa sampuli uliwaka kama karatasi, ukanukia karatasi, ukaacha jivu laini. Wa mzigo ulijikunja na kuyeyuka, ukaacha kidonge cheusi kigumu kama punje ya ulezi. Sampuli ni pamba, mzigo ni poliesta, yaani nyuzi za plastiki. Vitambaa viwili tofauti, rangi moja.

Kisha nikajumlisha urefu wa vipande vyote kufuata mpangilio wa kukata, pamoja na mabaki. Mita 7 na sentimita 31. Mwenye kujua vipimo atakuwa ameshaelewa: yadi moja ni sentimita 91.44, na yadi 8 ni mita 7.32 hivi. Amenipimia yadi, akanitoza mita. Zaidi ya nusu mita imepotelea hapo, na nimeilipia.

Nikampigia. Hakukana wala hakugomba. Aliniuliza tu: "Dada, si umeshakata?" Nikasema ndiyo. "Basi kitambaa kilichokatwa hakirudi dukani." Baada ya hapo amenizuia kila mahali. Ndugu zangu, biashara yake yote imesimama kwenye mkasi wako. Anajua tunafurahia rangi, tunakata, na kasoro tunazigundua wakati ushahidi umeshakuwa vipande vipande. Ukurasa wake umebadilika jina tangu siku ile, kwa hiyo jina halitawasaidia. Mtambueni kwa mwendo wake: sampuli ya bure inayoletwa haraka, hela yote kabla ya mzigo, na hataki ufike dukani. Mara yuko bandarini, mara duka linapakwa rangi.

Sisemi poliesta ni mbaya. Wapo wafanyabiashara waaminifu Kariakoo wanaokuambia wazi hii ni poliesta, ni imara, inakauka upesi, na bei yake ni ndogo. Kosa ni kuuza kitu kimoja kwa jina la kingine.

Kwa hiyo mzigo ukifika, boda asiondoke kabla hujatandaza na kupima kwa utepe wako mwenyewe, urefu na upana, na ujirekodi video ukipima. Chomoa nyuzi za mtande (zinazokwenda kwa urefu) na za mshindio (zinazokatiza kwa upana), uzichome zote mbili, kwa kuwa kuna vitambaa vyenye pamba upande mmoja tu. Halafu loweka, anika, piga pasi, ndipo ushike mkasi. Hata pamba ya kweli inaweza kurudi: kwenye mita 8, ikirudi kwa asilimia 4 umepoteza sentimita 32. Na mkielewana bei kwa meseji, andika neno "mita" na neno "pamba", naye ajibu kwa maandishi. Mimi nilimwachia anijibu kwa simu, na sasa sina pa kushika.

Kwa anayenunua dukani, rula ya mita inatakiwa iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo. Ukiona kijiti kimechongwa tu, omba utepe.

Jumatatu naenda Wakala wa Vipimo na muamala wangu, sampuli, vipande, na zile meseji chache. Kama na wewe uliletewa kipande cha kijani kwa boda, au rangi nyingine kwa mtindo huohuo, niandikie kabla ya Jumatatu. Usitupe sampuli yako, hata kama ni ndogo kama stempu. Kochi la baba kwa sasa nimelitandika kanga, na mama analikalia hivyohivyo.