OCRE na sarafu za shaba za kuigiza za karne ya 4: huduma hii inasaidia kiasi gani?

Anayepanga sarafu ndogo za shaba za Roma za karne ya 4 hukutana mapema na zile zinazofanana na sarafu rasmi lakini si zenyewe: askari waliochongwa kama vijiti, herufi zilizopinduliwa, jina la Kaisari lililovurugika hadi halisomeki. Hizi si bandia za siku hizi. Zilifuliwa zama zile zile, kwa wingi Britania na Galia (takriban Uingereza na Ufaransa za leo), hasa katika miaka ya 340 na 350, wakati sarafu ndogo kutoka karakana za dola zilipoadimika. OCRE (Online Coins of the Roman Empire), huduma ya bure ya mtandaoni ya kutafutia aina za sarafu za Roma, inayoendeshwa na American Numismatic Society, nimeipima kwa swali moja tu: je, inamwezesha mtumiaji kuzitambua?

Inamwezesha, ila kwa njia ya mzunguko. OCRE imejengwa juu ya orodha ya Roman Imperial Coinage, ambayo kazi yake ni kupanga aina rasmi, kwa hiyo atakayetafuta ukurasa wa sarafu yake ya kuigiza asitarajie kuupata. Manufaa yake ni kumwonyesha sarafu halali ilivyopaswa kuwa. Chukua ile ya mbwa mwitu jike anayenyonyesha mapacha, iliyoanza kufuliwa mwaka 330. Kwa kawaida upande wa kichwa una sura ya Roma, mji uliochorwa kama mwanamke, mwenye kofia ya chuma na maneno VRBS ROMA. Ukimkuta mbwa mwitu huyo kwenye upande wa nyuma wa sarafu yenye neno CONSTANTINOPOLIS upande wa kichwa, ambalo mwenzake halali ni mungu wa kike Ushindi mwenye mabawa aliyesimama juu ya omo la chombo, tafuta jozi hiyo katika kila karakana. Usipoiona popote, una sababu nzito ya kushuku mwigo. Fanya vivyo hivyo kwa alama iliyo chini ya picha: inaweza kusomeka TRP, yaani karakana ya mji wa Trier, huku mkono uliochonga ukiwa mbali kabisa na kazi ya Trier.

Kinachonivutia zaidi ni vielelezo vya makumbusho vilivyounganishwa na kila aina, vingi vikiwa na picha, uzito, kipenyo na mwelekeo wa pande mbili za sarafu. Kipimo hicho cha mwisho watu hukipuuza bila sababu. Kwa kawaida sarafu rasmi za wakati huo, ukizigeuza, upande wa nyuma huwa wima au kichwa chini. Za kuigiza mara nyingi hulala upande wowote.

Hata hivyo, uzito usimpotoshe mtu. Sarafu rasmi zenye maandishi FEL TEMP REPARATIO zinazoonyesha askari akimchoma mkuki mpanda farasi anayeanguka zilianza mwaka 348 zikiwa na gramu 5 hivi, nazo zikapungua hadi karibu nusu yake katika muongo uliofuata. Mwenye sarafu ya gramu 2 na kidogo hana budi kuilinganisha na toleo la mwisho, si la kwanza, kabla ya kuihukumu. Lakini mpanda farasi huyo huyo akibanwa kwenye kipande cha milimita 8 kisichofika gramu moja, hakuna toleo rasmi la kumtetea.

Ili kuziona nakala zenyewe, ingefaa OCRE itumiwe pamoja na hifadhidata ya Portable Antiquities Scheme, inayosajili vitu vilivyookotwa Uingereza na Wales, na ambamo sarafu za kuigiza zimeandikwa waziwazi kuwa ni nakala za wakati ule. Ya kwanza namshauri hata anayeanza, mradi awe na mizani inayosoma sehemu za gramu na kioo cha kukuzia. Ya pili inahitaji subira, kwa kuwa sarafu nyingi zilizomo zimelika na kutu, na hata hivyo ndiyo inayomzoesha mtu mkono wa mafundi hao wasiojulikana.