Riwaya ya njaa na kitabu cha mabibi: kipi kinafaa pesa yako?

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo vitabu ni viwili na nimevipanga pamoja kwa makusudi. Hiki chembamba ni The Road, riwaya ya Mmarekani Cormac McCarthy. Kilitoka 2006, mwaka uliofuata kikachukua tuzo ya Pulitzer. Hiki kikubwa chenye mapicha ni In Bibi's Kitchen cha Hawa Hassan na Julia Turshen, cha 2020: mapishi ya mabibi wa nchi nane za Afrika zinazogusa Bahari ya Hindi, na sisi Tanzania tumo.

Tuanze na riwaya. Dunia imeungua, kila mahali majivu. Saa zilisimama saa saba na dakika 17, basi. Mwandishi hakwambii lilikuwa bomu, kimondo au nini. Wapo wanaokasirishwa na hilo, mimi naona kafanya vizuri: mwenye njaa hana muda wa kuuliza nani alianza. Baba na mwanawe mdogo, hata majina hawapewi, wanatembea kuelekea kusini, pwani, wakisukuma toroli la supamaketi lenye turubai na mablanketi. Baba amefunga kioo cha pikipiki kwenye toroli ili aone anayekuja nyuma, maana huko nyuma kuna watu wanaokula watu. Ana bastola yenye risasi mbili, na utaelewa mapema tu kwamba hazikuwekwa kwa ajili ya adui.

Sasa ukiniuliza kitabu kinahusu nini, sitasema mwisho wa dunia. Kinahusu mgao wa chakula. Kuna mahali baba anamkorogea mtoto kakao iliyobaki, yeye anajimiminia maji ya moto matupu. Mtoto anamshtukia, anamkumbusha kwamba aliahidi kutofanya hivyo. Jamani! Nani humu hakulelewa na mama wa "nyie kuleni, mimi nimeshiba"? Mahali pengine baba anaokota kopo moja la Coca-Cola kwenye mashine ya soda iliyoangushwa. Mtoto hajawahi kuonja kitu hicho maishani, na bado anambana baba naye apige funda. Hapo niliposoma nilikuwa nimesimama kwenye basi la mwendokasi la jioni la Kimara, nikashukuru ule msongamano, hakuna aliyepata nafasi ya kunitazama usoni.

Kero yake: hakina sura, hakina alama za kufungua na kufunga maneno ya wahusika. Ukisinzia kidogo hujui nani anaongea. Kiingereza cha mazungumzo ni chepesi, lakini cha maelezo kitakupeleka kwenye kamusi mara kwa mara.

Haya, jikoni. Hawa Hassan alizaliwa Mogadishu, akapitia kambi ya wakimbizi Kenya, kisha akapelekwa Marekani akiwa bado mtoto. Kila nchi ina sehemu yake na mahojiano na mabibi wenyewe, na mimi mahojiano ndiyo yaliyonikamata kuliko mapishi. Mengi ya kwetu unayajua tayari, kwa hiyo nenda kwa majirani. Digaag qumbe ya Wasomali ni mchuzi wa kuku wa mtindi na nazi. Kuku wa tangawizi wa Madagaska ni rahisi mno, hata mwanafunzi wa geto anauweza. Mkatra foutra wa Komoro, aliyekula mkate wa ufuta Zanzibar atamtambua ndugu yake.

Ni kitabu cha afya? Nusu. Hakihesabu kalori wala hakikuahidi kupunguza tumbo. Kina mboga, maharage na samaki vya kutosha, ila ile malva pudding ya Afrika Kusini ni sukari na siagi, tusidanganyane.

Na hapa sikilizeni vizuri: chumvi. Vipimo vyake ni vya Kimarekani, na chumvi yao ya kupikia ni ya chenga kubwa. Kijiko chao kimoja, ukiweka hii chumvi laini ya dukani kwetu, ni kama umeweka viwili. Anza na nusu, onja. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima, hiyo ni takriban kijiko kimoja cha chai. Joto la oveni nalo limeandikwa kwa Fahrenheit, kwa hiyo 350 isikutishe, ni kama nyuzi 180 za Selsiasi za huku. Tui la kopo achana nalo, nazi za Kariakoo zipo na mbuzi ya kukunia unayo.

Riwaya jaribu kwanza kwa wauza vitabu vya mtumba pale Posta, wakati mwingine inaangukia hapo. Filamu yake ya 2009 ipo, Viggo Mortensen ndiye baba, lakini soma kwanza. Cha mapishi ni jalada gumu na bei inauma, changeni watu watatu wa vikoba kizunguke, mradi asiyefuta mikono yenye mafuta awe wa mwisho kukipata.